Umepandikizwa uloto? Uliza na bandama yako ina hali gani

Mdogo wangu alipandikizwa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) India miaka minne iliyopita, kansa ya damu, na uloto aliopewa ni wangu mimi dada yake, kwahiyo haya ninayoandika siyo ya kusimuliwa. Naandika kwa ajili ya wale wanaorudi nyumbani, Mwanza mjini, Magu, Sengerema, Ukerewe huko, na boksi la dawa na faili zito kama biblia, alafu ndani ya lile faili habari ya bandama ni mstari mmoja tu. Kwetu ulikuwa mstari mmoja na hatukuusoma, na nusura utuondolee mtu.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa pili toka apandikizwe, tulikuwa tumeshazoea, nywele zimerudi, anakula vizuri, kazini kwake Mwaloni pale Kirumba karudi kuandika hesabu za dagaa. Siku hiyo saa mbili usiku akasema mwili unauma, nikampima, 38.4. Mi nikampa Panadol. Joto likashuka, tukashukuru Mungu, tukalala. Saa kumi alfajiri nasikia kitanda kinagonga ukuta, kumbe ni yeye anatetemeka, midomo imebadilika rangi, namuuliza jina la mama anajibu vitu havieleweki. Tukamkimbiza zahanati ya karibu, wakampima malaria, kipimo kikasoma hakuna, ila wakasema kwa dalili hizi ni malaria tu, wakatupa dawa ya mseto turudi nyumbani. Namshukuru Mungu mwenye bajaji alikataa. Alimwangalia tu akasema dada huyu hatumrudishi nyumbani, akageuza bajaji kuelekea hospitali kubwa bila hata kuniuliza nauli.

Alikuwa na bakteria kwenye damu, wale wa nimonia. Alilazwa siku kumi na moja.

Siku ya tatu hapo wodini ndo nilipofundishwa habari ya bandama, na aliyenifundisha ni mzee mmoja wa maabara. Nilipeleka sampuli, nikamwamkia, akaniuliza huyu kijana alishatolewa bandama? Nikamwambia hapana, hajawahi kupasuliwa tumbo. Akasema "njoo uone, mayu", yaani mama kwa Kisukuma, akanisogezea kiti kwenye hadubini. Nikaona chembe nyekundu za damu zimetawanyika kama sahani za udongo, na ndani ya baadhi yake kuna kidoti kimoja cheusi cha zambarau, cha mviringo, kidogo sana, kama mtu kagusa na ncha ya peni. Akaniambia vile vinaitwa vijimwili vya Howell-Jolly, ni masalia ya kiini ambayo chembe ikiwa changa hubaki nayo, na kazi ya kuyanyofoa ni ya bandama, chembe ikipita pale inaminywa kwenye matundu membamba inatoka safi. Ukiviona vimebaki ujue mnyofoaji hayupo kazini. Sasa nilivyokaa pale nikawaza, zile chembe ni zangu, yaani zimetengenezwa na uloto niliompa mimi, hata kundi la damu yake sa hivi ni langu, lakini bandama ya kuzisafisha ni yake, ile ile ya zamani iliyopigwa mionzi na madawa. Uloto unabadilishwa, bandama haibadilishwi. Hapo ndo pa kuanzia.

Bandama inafanya nini hasa

Ipo kushoto chini ya mbavu, kwa mtu mzima ina uzito kama gramu 150 hivi, watu wengi huku kwetu wanaijua pale tu inapovimba, mtoto ana malaria za kila mara au kichocho cha ziwani, tumbo limetokeza, bibi anaibonyeza anasema huyu ana bandama. Ila kuwa kubwa na kufanya kazi ni vitu viwili tofauti, inaweza ikawa kubwa na isifanye kazi, na inaweza ikawa ndogo kama zabibu kavu.

Kazi yake ni chujio. Damu inapita humo, chembe zilizozeeka zinatolewa, na wadudu wanadakwa. Kuna bakteria fulani wamejivika utando wa utelezi juu, ukijaribu kuwakamata wanaponyoka, na hao bandama ndo inawaweza kuliko kiungo kingine, inatengeneza kinga ya haraka ya kuwanasa. Wakubwa wao ni watatu: pneumokokasi wa nimonia, meningokokasi wa homa ya uti wa mgongo, na huyu anaitwa Hib, naye analeta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Bandama ikilala, hawa wakiingia kwenye damu wanazaana bila mtu wa kuwazuia, na mtu anaweza kuwa mzima asubuhi, kesho yake jioni mnapanga mazishi. Hilo limejulikana muda mrefu, toka 1952 ambapo King na Shumacker kule Marekani waliandika habari za watoto wachanga waliotolewa bandama alafu wakapata maambukizi makali, kwahiyo siyo jambo jipya, ni sisi wagonjwa tu tunaambiwa kwa haraka mlangoni.

Nani anatakiwa kuwa na wasiwasi

Siyo kila aliyepandikizwa. Lakini kama wewe ni mmoja wa hawa, jihesabu kuwa bandama haifanyi kazi mpaka daktari akuthibitishie vinginevyo: aliyepigwa mionzi ya mwili mzima kabla ya kupandikizwa, mwenye GVHD sugu (ule uloto mpya unaushambulia mwili wa mwenyeji, ngozi inakuwa ngumu au ina mabaka, mdomo na macho makavu, ini), aliyetolewa bandama zamani, na wenye sikoseli.

Wenye sikoseli nataka kuongea nao kidogo maana Kanda ya Ziwa ni wengi sana, kila ukoo una mtu, na siku hizi hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma nao wanapandikiza uloto siyo lazima India. Mtoto wa sikoseli mara nyingi bandama yake imeshakufa kidogo kidogo akiwa bado mdogo, mara nyingi kabla ya miaka 5, mishipa yake inazibwa na zile chembe za mundu. Sasa akipandikizwa akapona sikoseli, wazazi wanafurahi na wana haki, ila wanaacha penisilini siku hiyo hiyo wakidhani yameisha. Kuna watoto bandama inarudi kufanya kazi kiasi baada ya kupandikizwa, kuna wengine hairudi. Huwezi kujua kwa kumwangalia mtoto anavyokimbia uwanjani.

Jinsi ya kujua

Omba slaidi ya damu. Najua ukienda kupima FBP (kile kipimo cha picha nzima ya damu) mashine inatoa karatasi yenye namba, lakini hivi vidoti mashine haivitaji, lazima mtu akae kwenye hadubini aangalie kwa macho. Kwahiyo mwambie daktari kabisa, naomba maabara waangalie kama kuna Howell-Jolly, na aandike kwenye fomu, maana ukimwambia tu nesi kwa mdomo ujumbe unapotea njiani. Ni kipimo cha bei ndogo, hospitali yoyote yenye maabara nzuri wanaweza.

Vikionekana, jibu umepata. Visipoonekana, usishangilie bado, kuna watu bandama imepungua nguvu na slaidi ni safi. Ultrasaundi nayo watakufanyia, itakuonesha ukubwa, haioneshi kazi. Kuna picha ya nyuklia inaonesha kama bandama inanyonya dawa, hiyo ndo inaonesha kazi yenyewe, ila ni ya hospitali chache, mi sikuihangaikia, daktari wetu alisema kwa mtu mwenye GVHD sugu tunamlinda tu kama hana bandama, hata slaidi ikija safi. Nilimkubalia kabisa.

Homa. Hapa soma mara mbili

Homa ya 38 kwenda juu ni dharura, saa yoyote, hata kama ni usiku wa mvua, hata kama anasema najisikia vizuri. Siyo ya kusubiri kesho. Usimpe Panadol kwanza uone, mi nilifanya hivyo na Panadol ilishusha namba ikaacha ugonjwa unaendelea chini kwa chini masaa nane. Mpime, ondokeni, Panadol atapewa huko huko.

Na kama anatumia prednisoloni au dawa nyingine za kutuliza kinga, homa inaweza isipande kabisa, kwahiyo usiabudu kipimajoto. Kutetemeka kwa baridi, kutapika na kuharisha kwa ghafla, mapigo ya moyo mbio, kuchanganyikiwa, maumivu makali ya kichwa na shingo ngumu, vidoti vyekundu kwenye ngozi ambavyo ukivibonyeza na glasi ya kioo havipotei, chochote kati ya hivyo ni sawa na homa.

Muombe daktari wako akuandikie antibayotiki ya akiba ya kukaa nayo nyumbani, sisi tulipewa amoksilini yenye klavulanati, na namna ya kuitumia ni hii: homa ikipanda na hospitali iko mbali, unameza dozi ya kwanza alafu unaondoka. Siyo unameza unabaki. Watu wanakosea hapa, wanaona wana dawa ndani wanajitibu, wakati ile dozi kazi yake ni kuwasogeza mpaka mfike kwenye sindano ya mshipa. Ukifika, wakichukua damu ya kuotesha (kuona kama kuna bakteria wanaota) kabla ya sindano ni vizuri zaidi, ila sindano isichelewe kwa sababu ya vipimo, ndani ya saa moja iwe imeingia.

Alafu andaa karatasi. Hii nakuomba usiipuuze, kwa sababu usiku utakutana na daktari au nesi asiyekujua, amechoka, ana watu arobaini benchi, na wewe unalia huwezi kueleza. Mi nimeandika kwa mkono wangu, nikaipeleka kwa daktari wetu akagonga muhuri, nikaitia laminesheni pale stationari, inasema hivi:

"Nimepandikizwa uloto. Bandama yangu haifanyi kazi. Nikiwa na homa ni dharura: nichukuliwe damu ya kuotesha na nipewe antibayotiki ya mshipa mara moja, hata kama kipimo cha malaria kimesoma ninayo. Dawa ninazotumia ziko nyuma ya karatasi hii. Daktari wangu apigiwe namba hii."

Ile sehemu ya malaria niliweka makusudi. Huku kwetu malaria ndo jibu la kwanza la kila homa na ni kweli ipo, tena kwa mtu asiye na bandama inakuwa kali zaidi kwa sababu bandama ndo inayotoa chembe zenye vijidudu, hata baada ya dawa vinachelewa kuisha kwenye damu. Kwahiyo malaria itibiwe, hiyo haina ubishi. Tatizo ni kwamba ikishaonekana malaria watu wanaacha kutafuta kingine, na anaweza kuwa navyo vyote viwili kwa pamoja. Na kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kusoma ndiyo wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwahiyo ndiyo yake siyo lazima iwe ndo sababu ya homa ya leo.

Vidonge vya kila siku

Penisilini ya kumeza, asubuhi na jioni. Wenye GVHD sugu wanakunywa muda wote wanaotumia dawa za kutuliza kinga na baada ya hapo, na ambaye bandama imethibitika haifanyi kazi anaweza kuambiwa maisha yote. Mwenye mzio wa penisilini atapewa nyingine, aseme mapema. Mdogo wangu alichoka nayo, akaniambia dada mi siumwi nakunywa dawa za nini, na nilimuelewa, kijana wa miaka 26 kubeba kopo la vidonge inachosha moyo. Tulichofanya tukaziweka pamoja na mswaki, akipiga mswaki anameza, hatukumbushani tena. Na Septrin usiichanganye na hii, ile inazuia nimonia ya aina nyingine, moja haishiki nafasi ya nyingine.

Ila penisilini siyo ukuta. Kuna bakteria wamekuwa sugu. Homa ukiwa unameza penisilini bado ni homa, unaondoka vile vile.

Duka la dawa muhimu nalo kuwa makini nalo, usinunue tu antibayotiki kwa sababu jirani ilimsaidia. Anayetumia saiklosporini (dawa ya kutuliza kinga) akimeza erithromaisini, kiwango cha saiklosporini kinapanda kwenye damu na figo zinaumia, akipewa rifampisini kinashuka na GVHD inaamka. Miti shamba hivyo hivyo, mama mkubwa wetu alileta mizizi kutoka Kwimba kwa upendo kabisa, tukapokea kwa mikono miwili, tukamuuliza daktari, hatukutumia. Mama mkubwa hakununa.

Chanjo

Kinga nyingi za chanjo za utotoni zinapungua au kufutika na kupandikizwa, unakuwa kama mtoto mchanga, unaanza kadi upya. Chanjo ya nimonia, PCV, kwa kawaida inaanza kati ya mwezi wa 3 na wa 6, dozi 3 zikipishana mwezi mmoja mmoja, alafu ya nne baadaye ambayo daktari ataamua iwe aina gani kutegemea kama una GVHD. Hib nayo dozi 3. Mafua kila mwaka, homa ya ini B, pepopunda, kwa ratiba ya daktari. Ya homa ya uti wa mgongo ndo inasumbua kupatikana, usikate tamaa, ulizia pale wanapochanjwa wanaokwenda Hija, maana wao lazima wachanjwe ile ya ACWY, ndo hiyo hiyo unayoitaka.

Chanjo hai (zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa) kama surua na homa ya manjano ni mwiko mpaka ifike angalau miaka 2 toka upandikizwe, na uwe huna GVHD na umeacha dawa za kutuliza kinga; BCG na polio ya matone hazitolewi hata baada ya hapo. Kwahiyo ukiwa unasafiri na mtu anakulazimisha ile ya kadi ya njano, usikubali kuchomwa ili tu upite, daktari akuandikie barua.

Kuna kitu hatukuambiwa, nilikuja kugundua baadae: watoto wadogo ndani ya nyumba. Mtoto akipewa matone ya polio au ya rota (chanjo ya kuharisha), vile virusi vya chanjo vinatoka kwenye kinyesi chake kwa wiki kadhaa. Sisi tulikuwa na mtoto wa miezi miwili ndani, wa kwangu mwenyewe. Mwambie nesi wa kliniki kabisa kwamba nyumbani kuna mtu aliyepandikizwa, mpangiane kuhusu polio, na mgonjwa asibadilishe nepi za mtoto kwa angalau mwezi mmoja baada ya chanjo ya rota. Usimnyime mtoto chanjo zake, anazihitaji, na mtoto aliyechanjwa nimonia anamlinda na mjomba wake pia.

Ziwa, mbwa na chandarua

Chandarua chenye dawa kila usiku, na muulize daktari kama unahitaji dawa ya kuzuia malaria, usijipangie. Kuoga ziwani acha, najua kwa mtu aliyekulia Igombe au Kayenze ni kama kumwambia asile ugali, lakini kichocho cha ziwani kinavimbisha ini na bandama, na huyu hana cha kuchezea. Mvuvi ambaye hana kazi nyingine azungumze na daktari kuhusu kupima na kumeza dawa ya kichocho. Maziwa yachemshwe, samaki na dagaa viive kabisa, maji pia yachemshwe.

Mbwa akikung'ata, hata kama ni mkwaruzo, hata kama ni mbwa wa nyumbani. Kuna bakteria anakaa kwenye mate ya mbwa, kwa mtu mwenye bandama inayofanya kazi mara nyingi hafanyi kitu, kwa asiye nayo anaingia kwenye damu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, nenda hospitali siku hiyo hiyo, waambie habari ya bandama na siyo kichaa cha mbwa peke yake.

Safari

Mtu wetu mwezi wa nane alitaka kwenda Ukerewe msibani, na sikumkatalia, mtu hawezi kufungiwa ndani kama kuku wa mayai. Tulikaa jioni tukapanga. Meli ya Nansio ina saa zake, usiku ukipata homa kisiwani huwezi kuipigia simu ije. Kwahiyo tuliuliza kwanza hospitali ya Nansio kama sindano ya seftriaksoni, ile antibayotiki ya mshipa, ipo, wakasema ipo, tukachukua namba ya mwenye boti mmoja anayekubali kuvuka usiku ziwa likiwa limetulia, tukaiandika nyuma ya ile karatasi. Wanaokaa upande wa Sengerema sa hivi wana daraja la Kigongo-Busisi, hawasubiri kivuko tena, ila nao wapange nani mwenye gari atapokea simu saa nane usiku.

Begi linakaa limening'inia nyuma ya mlango wa sebuleni. Ndani kuna karatasi, kipimajoto na betri ya akiba, dozi ya akiba (naangalia tarehe ya kuisha kila tarehe moja ya mwezi), kadi ya bima, pesa ya bajaji ambayo hata nikiishiwa mboga siigusi, na kanga mbili. Akienda Ukerewe begi linaenda naye, akirudi analitundika mwenyewe.